Vigae vya Shimo la Tatu

Wiki iliyopita daktari wa mifugo alikuja kuwavisha ng'ombe wangu hereni. Ni hereni za plastiki, za njano, kila moja na namba yake, maana siku hizi lazima ijulikane ng'ombe gani ni wa nani. Mjukuu wangu alimshika ndama kichwa, daktari akabana koleo lake, na tone moja la damu likateremka mpaka kwenye kidole cha mtoto. Harufu ile ya damu mbichi na manyoya ya ndama ilinipanda puani, na mimi, mwanamke mzima niliyezaa na kuzika, nikajikuta nimekaa chini kwenye mavi ya ng'ombe. Walinicheka sana. Daktari alidhani ni njaa, akanishauri nile kwa wakati. Utaanzia wapi kumweleza kijana aliyekuja na koleo, na bado ana mazizi mengine ya kupitia kabla ya chakula cha mchana?

Ninyi wa rika langu ndio mtanielewa, kwa hiyo nawaambia ninyi.

Kwetu ni jirani na Tiira, upande wa Busia. Nilipokuwa msichana wa miaka minane au tisa hivi, mzungu mmoja alikuwa amepiga kambi hapo akitafuta dhahabu. Jina lake lilikuwa gumu, watu wakamwita Bwana Miwani na yeye akaridhika. Baba yangu alikuwa mmoja wa wachimbaji wake. Sisi watoto wa kike na mama zetu tuliosha mchanga kwenye makarai, tumeinama tangu asubuhi, maji mekundu hadi kwenye viwiko, na nguo zetu hazikupata kuwa na rangi nyingine. Kiswahili nilikijua hapo kambini. Nyumbani tulisema Kiteso, lakini pale walikuwapo Wasamia, Wajaluo, Wapadhola, watu wa kila namna, na bila Kiswahili chetu kile cha kukatakata hakuna aliyeelewana na mwenzake. Aliyekisema kwa mbwembwe alikuwa nyapara, Mzee Sudi, Mwislamu wa Busia mjini, mtu wa kofia safi na sauti ya kufukuzia kunguru.

Mama yake baba yangu tulimwita Tata, ndivyo sisi Wateso tunavyomwita bibi. Alikuwa mwembamba, ana ulimi mkali, na alikuwa anamngoja mwanawe wa kwanza. Jina lake Opolot. Baba yangu alipokuwa bado mvulana wa kuchunga mbuzi, vita vya Wajerumani vilipiganwa huko Tanganyika, na chifu akapita na askari akikusanya vijana wa kubeba mizigo ya jeshi. Kwenye kijiji chetu walichukuliwa tisa. Vita vilipokwisha akarudi mmoja, Omoding, amebaki mifupa na macho. Akina mama walimkimbilia, kila mmoja akitaja jina la mwanawe, naye akawajibu wote jibu lile lile: "Wako njiani. Wanakuja." Alisema hivyo siku hiyo na siku zote zilizofuata. Hakuoa, hakulima, watu wakasema vita vimemla akili. Kabla ya mavuno ya ulezi akafa.

Wale mama wanane wakaendelea kungoja. Kwetu mama aliyefiwa na mwana hunyoa kichwa, na hao hawakunyoa, kwa hiyo nilikua nikiwaona mabibi wanane wa kijiji chetu wana nywele nyeupe ndefu, nikidhani ni mtindo wao. Kila tulipopika ajono, pombe yetu ya ulezi ambayo wazee huizunguka kwenye chungu kimoja na kuivuta kwa mirija mirefu, Tata alichomeka mrija wa ziada ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Huo ulikuwa wa Opolot. Mgeni mmoja aliwahi kuunyakua kwa kutojua, na Tata akamchapa mkono, mtu mzima na ndevu zake. Mimi nilimwonea wivu huyo Opolot. Nilidhani ni mtu mvivu sana anayetembea polepole.

Shimo la tatu la Bwana Miwani lilichimbwa penye kichuguu kimoja kikuukuu, mahali ambapo hapakuwa na shamba la mtu. Walipofika kina cha kiuno, sururu ya baba ililia juu ya jiwe bapa. Chini ya jiwe kulikuwa na chungu, na ndani ya chungu, kwenye tope, vigae vidogo vya udongo uliochomwa. Wachimbaji wakatoka shimoni mmoja mmoja bila kuambiana. Kitu kilichofukiwa na mtu huna haja ya kukishika kabla hujajua alikifukia kwa nini. Bwana Miwani yeye alirukia ndani na soksi zake, akatoka amekumbatia kile chungu, uso umemwiva kwa furaha.

"Hii kitu ya zamani," alituambia, na Kiswahili chake mnakijua. "Zamani kabisa. Mbele ya Yesu."

Mzee Sudi akanichagua mimi kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vidogo. "Wee mutoto, kuja hapa. Osha hii vitu polepole. Ukivunja moja, mimi navunja wewe."

Niliviosha nyuma ya hema kwa unyoya wa kuku. Vilikuwa saba. Kila kimoja kilitosha kwenye kiganja changu, chekundu huku na cheusi kule moto ulikokilamba, na kimetobolewa tundu upande mmoja. Tope lilipotoka nikaona michoro. Juu ya kila kigae palikuwa na umbo kama jani, limekwaruzwa kwa kitu chenye ncha, na kila jani lilikuwa na kasoro yake. Moja lilikuwa na mapengo mawili ubavuni huku na moja ubavuni kule. La pili lilikuwa limepasuka ncha. Jingine lilikuwa na mduara katikati, jingine limekatwa ncha yote. Niliyapapasa kwa kidole yote saba, nikarudia, mpaka nikayajua kama ninavyojua meno yangu.

Mabishano yaliyofuata yaliwafurahisha watu wa kambi kwa siku kadhaa. Bwana Miwani alisema ni samaki, kwamba hapo kale paliishi taifa la watu wa ziwani waliojua kuandika. Katekista wetu, Mganda aliyekuja kutufundisha sala, alivitazama akapiga ishara ya msalaba, akasema hizo ni ndimi za moto zilizowashukia mitume. Mzee Sudi alisema wote wawili hawajui kitu, hayo ni majani ya tambuu, mababu zake waliyatafuna na wakayachora. Wote walivishika tundu likiwa juu, kama mtu anavyoshika kitu cha kutundika. Waliovitazama hawakuwa na ng'ombe. Wenye ng'ombe hawakuvitazama, maana baba na wenzake walikuwa wameviona vikiwa tope tupu, na baada ya hapo Bwana Miwani alivilaza kwenye sanduku la pamba akakataza mtu kusogea.

Na mimi nilikuwa na elimu yangu. Niliamini kwamba watu wa kale walikuwa wadogo, wa kimo cha kidole, na kwamba hivi vigae ni milango ya nyumba zao, lile tundu likiwa la kufungia kamba. Niliwahurumia. Watu wadogo hivyo, mzungu amewang'olea milango! Nikawaza kwamba nikibaki na mlango mmoja, mwenyewe atakuja kuudai na nitamwona. Kwa hiyo nilipomaliza kuosha nilitia kimoja mdomoni, kile chenye mapengo mawili na moja, nikampelekea Mzee Sudi sita. Nakumbuka ladha yake hadi leo, ladha ya jikoni mvua inaponyesha. Bwana Miwani akahesabu sita, akaandika sita. Hakuna aliyejua kwamba vilikuwa saba isipokuwa mimi.

Siku ya nne au ya tano baadaye, baba alibaki nyumbani kwa sababu kulikuwa na ndama wa kukatwa sikio. Hamjasahau, naamini: kila ukoo ulikuwa na mkato wake, na ng'ombe akipotea hata mbali, mtu humtazama sikio akajua ni wa nyumba gani. Kazi hiyo Tata hakumwachia mtu. Alisimama na fimbo yake, baba amepiga magoti na kisu, mimi nimemshika ndama kichwa.

"Mawili juu, moja chini," Tata akasema. "Usikate kama unakata mboga. Hawa ni ng'ombe wa Opolot, akirudi asikute masikio ya kuchekesha."

Baba akakata. Nyama ndogo zikaanguka vumbini, damu ikanidondokea, na lile sikio likawa limenyooka mbele ya macho yangu, na mwanga wa jua ukipita kati ya mapengo yake. Mawili juu, moja chini. Nilicheka kwa sauti. Nilimwachia ndama, akatimka na sikio lake, nikafungua fundo la nguo yangu nikatoa kile kigae. Nikakigeuza, tundu likawa chini.

"Tata, tazama! Wale watu wadogo walikuwa na ng'ombe kama wetu!"

Nilitegemea acheke. Tata alikuwa anacheka kwa shida, lakini akicheka unasikia umepewa zawadi. Alikipokea, akakisogeza karibu na jicho, akapitisha ukucha kwenye yale mapengo, pole pole, pengo moja moja. Kisha akaniuliza nimekitoa wapi, na sauti haikuwa yake. Nikamwambia kwenye chungu, shimo la tatu, penye kichuguu.

"Vilikuwa vingapi?"

"Saba, pamoja na hiki."

"Na hivyo vingine vina masikio gani?"

Masikio. Neno hilo lilikuwa halijanijia kwa vile vingine. Nikaanza kumwelezea, hiki kimepasuka ncha, hiki kimekatwa ncha yote, na kabla sijafika cha tatu, Tata aliketi. Hakuketi kama mtu anayetaka kupumzika. Alikwenda chini na fimbo yake, na mimi nilipigwa na butwaa kwa sababu nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima akianguka akiwa hajalewa.

"Omoding," akamwambia baba. "Alikuwa akishinda pale kichuguuni anafinyanga udongo. Tulimcheka. Mimi mwenyewe nilipita na mtungi nikamcheka." Akakifumbata kile kigae. "Hakuweza kutuambia. Akawazika."

Baba alikuwa bado ameshika kisu. Nilimwona akikitazama kisha akikiweka chini, mbali, kama kisu cha mtu mwingine. Hapo ndipo mimi nilipoelewa. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usirudi, lazima pazikwe kitu kwa jina lake, asibaki anatangatanga. Omoding hakujua kuandika. Alichojua ni masikio ya ng'ombe, kwa hiyo aliandika hayo. Na mimi nilikuwa nimemweka baba yangu mkubwa mdomoni, nikamlamba.

Tulikwenda kambini sote watatu, Tata akiwa mbele, fimbo ameisahau nyumbani. Mzee Sudi alitupokea kwa uchangamfu wake wa siku zote. Baba akamwambia tumefuata vile vigae sita.

"Hiyo sanduku nakwenda asubuhi na lori," nyapara akasema. "Sasa iko Tororo. Hapo napanda treni, halafu meli, halafu Ulaya. Bwana nafurahi sana."

Tata hakujua Kiswahili zaidi ya maneno ya sokoni. "Rudisha," akasema.

"Narudisha namna gani, mama? Na nyinyi nataka ya nini? Hiyo ni vitu ya watu ya kale."

"Si ya kale," baba akamwambia. "Moja ni ndugu yangu. Vita ya Wajerumani. Ile ingine ni rafiki zake."

Tata akafumbua mkono. Mzee Sudi alikitazama kile kigae, na baba alipomweleza habari ya masikio na ya Omoding, yule mtu wa sauti ya kufukuzia kunguru alivua kofia. Sikuwahi kumwona kichwa wazi. Alikuwa na upara.

"Mimi pia nabeba mzigo, hiyo vita," akasema, na sasa hakuwa anatutazama. "Mtu nakufa, hakuna kuzika. Nyapara nasema mbele, mbele. Wewe naruka juu ya yeye, nakwenda. Mimi naruka watu mingi, mama."

Baba hakumtafsiria Tata maneno hayo. Lakini Tata alikuwa amemtazama yule mzee akieleza kwa mikono, ule mguu wake ulioinuka kidogo na kuruka, na naamini aliona yote. Bwana Miwani akatoka hemani wakati huo huo. Akataka kujua kuna nini, akaona Tata amefumbata kitu, akanyoosha mkono wake mweupe wenye madoa kutaka aonyeshwe. Mzee Sudi akasimama katikati yao.

"Hakuna kitu, Bwana. Hii bibi nachukua jiwe ya mutoto, ya kuchezea tu."

Mzungu akanipapasa kichwa, akaingia zake ndani. Kama alipata kuambiwa baadaye, sijui. Najua tu kwamba mahali fulani Ulaya kuna kabati, na ndani yake kuna vigae sita vilivyoandikiwa kwamba vilifanywa na watu wa ziwani kabla ya Yesu.

Opolot tulimzika asubuhi iliyofuata nyuma ya zizi. Kaburi lake lilikuwa dogo, la kuzikia kifaranga, na baba alilichimba kwa jembe huku analia wazi wazi. Tata alinyolewa. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, nami nilishtuka kukiona, kilikuwa kama cha mtoto mchanga. Ule mrija aliuvunja kwenye goti, akautia jikoni.

Habari hazikungoja. Jua lilipopita utosi, wale mama saba walikuwa wamefika uani kwetu, baadhi wameshikwa mikono na wajukuu. Hawakuja kulia na Tata. Walikuja kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeviosha vile vigae, na wale watatu waliovitazama walikumbuka samaki, ndimi na tambuu tu; masikio yaliyochorwa juu yake niliyajua mimi peke yangu. Tata akatandaza jivu kwenye ungo, akanikalisha mbele yake.

"Chora ulichokiona," akaniambia. "Kimoja kimoja. Usichore cha kumfurahisha mtu."

Nikachora sikio lililopasuka ncha. Mama mmoja akasema, "Ni wangu," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetambua sufuria yake kwa jirani, kisha akapiga kelele ambayo sijaisikia tena tangu siku hiyo. Tata akasawazisha jivu kwa kiganja. Nikachora la pili. Nikachora la tatu. Kila nikiinua kidole mama mwingine anaanguka, na wanawake wanamwondoa, na jivu linasawazishwa, na mimi nalia na kuchora, makamasi yananidondokea kwenye ungo. Hakuna aliyeniambia inatosha. Nilichora matano.

Wakabaki mama wawili. Mmoja alikuwa Mama Etyang, mwanamke mkubwa mkimya wa ng'ambo ya kijito. Wa pili alikuwa Mama Okwii, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Vigae vilikuwa saba na waliopotea walikuwa wanane, hesabu hiyo hata mimi niliiweza. Kilibaki kigae kimoja. Mwana wa mmoja wao alikuwa amekufa, na mwana wa mwenzake Omoding hakumfinyangia kitu. Huenda yu hai.

Sikio lililobaki lilikuwa lile lenye mduara katikati. Tundu. Ng'ombe wa Mama Okwii walitobolewa tundu katikati ya sikio, na niliwajua wote kwa majina, kwa sababu kila alfajiri Mama Okwii aliniita kwenye ua wake akanipa povu la maziwa kwenye kibuyu kabla hajawapa wajukuu zake mwenyewe. Alikuwa ananitazama. Alikuwa amejilazimisha kutabasamu ili nisimwogope.

"Na cha mwisho?" Tata akauliza.

Niliweka kidole juu ya jivu. Nikakiondoa.

"Sikumbuki," nikasema.

Tata aliniuliza tena, na baba akaniuliza, na katekista akaitwa anisalie. Sikumbuki, sikumbuki. Nilipigwa kidogo, nikabembelezwa, nikapewa yai zima peke yangu. Nilikuwa nimeona mama watano wakivunjika kwa kidole changu kile kile, na nilikuwa nimeamua, kwa akili yangu ya miaka minane, kwamba Okwii hatakufa. Asubuhi iliyofuata nilipewa povu la maziwa kama kawaida, nikalinywa.

Ninachowaambia sasa sijawahi kumwambia mtu. Mama Okwii na Mama Etyang walikuwa mashoga wa kuazimana moto. Tangu siku ile hawakuazimana tena hata chumvi. Wakikutana kisimani, kila mmoja alimtazama mwenzake kwa namna ambayo hata mimi mtoto niliielewa: afadhali awe wako. Hakuna aliyethubutu kusema, na hakuna aliyeweza kufikiria jingine. Mimi nilipita kati yao na mtungi wangu, ninalo jibu, nimenyamaza. Miaka miwili hivi ikaenda. Mama Etyang ndiye aliyeshindwa. Asubuhi moja tulisikia ameamka akajinyoa mwenyewe kwa kipande cha chupa, akamwita kaka yake amkatie shina la mgomba, akalizika kwa jina la Etyang. "Nimechoka," ndiyo sababu aliyoitoa. Mama Okwii alikwenda msibani, akakaa mpaka mwisho, akarudi akiwa na uso umekunjuka, mpole kwa kila mtu. Mvua za mwaka uliofuata Mama Etyang akafariki. Alizikwa kando ya mgomba wake.

Ningeweza kusema hata hapo. Nilikuwa msichana mkubwa sasa, nimevunja ungo. Sikusema.

Nilikuwa karibu kuolewa, na chifu amekwisha kuanza kuandikisha vijana kwa vita nyingine ya wazungu, mtu mmoja alipofika kijijini mchana. Tulikuwa wanawake wengi njiani tukipepeta ulezi. Alikuwa na mvi, anachechemea, amebeba furushi la nguo, na Kiswahili chake kilikuwa cha mbali, kirefu, kila neno limevaa nguo zake zote.

"Habari zenu, akina mama. Naomba mnielekeze. Nyumba ya mama yangu ilikuwa ng'ambo ya kijito kile, lakini naona migomba tu."

"Mama yako nani?"

"Mimi ni Etyang," akasema.

Ungo ulinitoka mikononi. Watu wakatoka majumbani. Wazee wakamshika uso, wakamgeuzageuza, wakaona kovu lake la utotoni, na vigelegele vikaanza na kukatika, vikaanza na kukatika, kwa sababu kila aliyefungua mdomo alikumbuka jambo. Alieleza kwamba waliachwa hospitalini Dodoma, yeye na kuhara kwake, wenzake wakaenda mbele. Alipopona alioa huko huko, akasema mwaka ujao nitarudi, na mwaka ujao. Kiteso kilikuwa kimemtoka karibu chote. Akauliza tena mama yake yuko wapi. Mtoto mmoja mdogo, aliyeona wakubwa hawajui, akamshika mkono kumsaidia.

"Lile ni kaburi la Mama Etyang," akamwonyesha ng'ambo ya kijito. "Na lile dogo ni la Etyang."

Alikwenda akasimama mbele ya yale makaburi mawili. Hakuweka furushi chini. Sisi tulibaki upande huu wa maji, kijiji kizima, na hakuna aliyejua kama ni sherehe au ni msiba. Mama yule alikuwa amengoja miaka yote, na angeweza kungoja mitatu minne mingine kama angejua kwamba kipo cha kungojea. Mimi nilikijua. Nilimnyima.

Ndipo nilipohisi mtu ananitazama. Mama Okwii alikuwa amesimama upande wa pili wa umati, amejishikilia kwenye uzio. Wengine wote walimtazama Etyang. Yeye alikuwa amekwisha kupiga hesabu, vigae saba, watu wanane, na wa nane huyu hapa, anapumua. Alipita katikati ya watu bila haraka mpaka akanifikia. Alikuwa amezeeka sana, kichwa chake kinafika begani kwangu. Aliuchukua mkono wangu wa kulia, akakifungua kile kidole nilichochorea, akakishika.

"Lilikuwa na tundu katikati," akasema.

Hakuwa ananiuliza.

"Ndiyo, tata," nikamwambia.